Migomba Ndani ya Kanisa

Jumapili, 2 Machi

Madam Christina, mwalimu wetu wa Kiingereza, ametuagiza tuandike shajara kwa Kiingereza masika yote ili lugha itunyooke. Nimejaribu siku chache. Nikisoma nilichoandika namkuta msichana mwingine kabisa, anayependa milima, anayefurahia ndege, anayemsaidia mama yake kwa tabasamu. Simjui. Huyo nitaendelea kumwandikia Madam. Hii ya Kiswahili ni yangu.

Basi niseme mapema. Naitwa Editha, niko kidato cha tatu, na sipendi kuishi hapa. Tulihamia huku juu ya Matombo mwezi wa nane kwa sababu Baba ni mmisionari. Zamani alikuwa mtunza stoo kiwandani, tukiishi Kihonda, mjini, mimi na mdogo wangu Erick tukisoma ingilishi midiamu. Halafu akaitwa. Ndivyo wanavyosema kanisani, kuitwa. Mimi sikusikia mtu akiniita, lakini nilipakiwa kwenye fuso pamoja na magodoro.

Leo ibada ilikuwa sebuleni kwetu kama kawaida. Washirika hawajazi hata benchi mbili, na Baba anahubiri kama yuko uwanja wa Jamhuri. Mwishoni akatangaza kwamba Mkurugenzi wa umisheni atapanda huku mwisho wa Mei. Akikuta kanisa limesimama, kituo kitaendelea. Akikuta hakuna kitu, kituo kinafungwa nasi tunarudi mjini. Wote wakasema amina. Mimi niliitikia ile sehemu ya pili.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Chumvi imeisha. Baba kasema Yesu alipata zaidi ya haya.

Alhamisi, 6 Machi

Magreth, ninayekaa naye dawati moja, kaniuliza eti ninyi ndio wamisionari? Nikaitikia kwa kichwa. Akasema wamisionari walishafika Matombo enzi za bibi wa bibi yake, tena wenye ndevu, wakajenga kanisa kubwa na kengele. "Ninyi gari mmelikosa zamani, Editha." Waliokuwa karibu wakacheka na mimi nikacheka, maana usipocheka ndipo wanajua limekuingia.

Ukweli ni kwamba hata mimi sijui tumekuja kumwambia nani kitu gani. Kijiji hiki wengi ni Wakatoliki na waliobaki ni Waislamu. Nilimwuliza Mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso. Akasema nimwulize baba yangu. Sikumwuliza. Mimi maswali huwa nayatengeneza vizuri kichwani, yakifika mdomoni yanageuka "shikamoo".

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada tulienda kufunga fito kanisani. Nasema kanisani, lakini ni nguzo tu zimesimama na mvua inapita katikati. Kiwanja chenyewe kizuri, tambarare, jambo adimu mahali ambapo hata kuku anatembea kwa breki.

Aliyetupa ni Mzee Dominiko, mshirika wetu wa kwanza. Aliokoka Oktoba, na kabla mwezi haujaisha akamwonyesha Baba kiwanja mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Baba alilia siku ile. Kwao Rombo baba ndiye anayemkatia mwanawe kihamba, shamba la ukoo la kujenga na kulima, kwa hiyo mzee mwenye mvi akikupa ardhi ni kama amekuzaa. Tangu hapo Baba anamwita Mzee Dominiko "Baba", na mzee anapenda sana, anajinyoosha mgongo kila akiitwa.

Mke wake, Bibi Martina, hajawahi kuja kwetu. Yeye ni Mkatoliki, Jumapili anashuka misheni kwa miguu hata mvua inyeshe vipi. Akipita pale kwenye nguzo hasimami. Anapunguza mwendo tu.

Jumatano, 12 Machi

Jirani yetu Mzee Ramadhani katuletea futari, magimbi ya nazi na tambi. Erick alikula mpaka akalala hapo hapo kwenye mkeka. Baba akamshukuru Mungu kwa kutulisha jangwani. Mzee Ramadhani alikuwa bado yuko mlangoni anasubiri bakuli lake.

Jumamosi, 15 Machi

Fuso la mabati limekwama bondeni. Tumeyapandisha kichwani, mimi, Baba, Mzee Dominiko na vijana wawili. Yamewekwa chumbani kwangu. Ukigeuka kitandani unasikia radi.

Jumatatu, 17 Machi

Mama ana homa. Zahanati wamesema malaria. Baba alimchemshia uji mwenyewe, ukaungua, akakaa pembeni ya kitanda akamwambia avumilie, Yesu alipata zaidi ya haya. Nilikuwa nafagia pale mlangoni. Nilidhani Mama amelala, kisha akasema taratibu, "Yesu hakuwa na mke, Baba Editha. Wala watoto wanaokohoa."

Baba akachukua kikombe cha uji akatoka nacho nje. Nilimwona akiunywa mwenyewe, ule ulioungua, wote.

Ijumaa, 21 Machi

Mama ameamka. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Leo sikwenda shule, na sijui niandike kuanzia wapi.

Asubuhi Baba alinituma kanisani kuchukua jembe tulilolisahau Jumamosi. Nilipofika nikaona kijani. Nilidhani ni majani yameota, maana huku ukiacha kijiko kwenye udongo kinaota. Nikasogea. Ilikuwa miche ya migomba. Imepandwa mstari, ndani ya nguzo, kuanzia mlangoni mpaka pale Baba alipochora madhabahu ardhini kwa kijiti. Imepandwa kwa nafasi nzuri, na kila mmoja umewekewa samadi. Yaani mtu hakuja kuharibu. Alikuja kulima.

Nikakimbia kumwita Baba. Alipoiona alisimama muda mrefu, mvua inamchuruzika kwenye masikio. Mzee Dominiko akaja akihema, akatazama, akageuza uso. Baba akamwuliza ni nani amefanya hivi. Mzee akainama kuitazama miche. Baba akauliza tena, akimwita Baba. Mzee akasema, kwa sauti ndogo kama yangu ya darasani, "Ni mke wangu, Mchungaji."

Hapo ndipo tulipoambiwa, tukiwa tumelowa, jambo ambalo kila mtoto wa kijiji hiki analijua tangu ananyonya. Huku ardhi inakwenda kwa akina mama. Ni ya ukoo wa mama, binti anairithi, na mjomba wao mkubwa ndiye anayeisemea. Mume anaoa, anakuja kukaa, analima, anazaa watoto, na watoto ni wa ukoo wa mama yao. Mzee Dominiko amekaa hapa tangu kijana na hana hata pa kuchimba choo bila mkewe kukubali. Alichotupa hakikuwa chake. Mwenyekiti alijua, lakini alidhani wamekubaliana nyumbani.

Baba akauliza, "Sasa kwa nini ulinipa?"

Mzee akasema alitaka na yeye kwa mara moja atoe kitu.

Nilimhurumia mpaka nikashindwa kumtazama. Halafu, hii sijamwambia mtu, ndani yangu kuna kitu kiliruka kwa furaha. Kanisa halitasimama. Tutarudi Kihonda. Mungu alinisikia. Na hapo hapo nikaogopa, kwa sababu kama alinisikia mimi, basi hakumsikia Baba, na Baba ndiye aliyeacha kazi kwa ajili yake.

Jumatano, 26 Machi

Baba ameng'oa ile migomba. Kasema kazi ya Mungu haiwezi kusimamishwa na kaya moja. Ameipanga vizuri kando ya njia. Hakuitupa. Nadhani hata yeye hakuwa na uhakika.

Alhamisi, 27 Machi

Nikitoka shule nilimkuta Bibi Martina pale. Amejifunga khanga kifuani, kapiga magoti, anarudishia miche mashimoni, mmoja baada ya mmoja. Mvua ya manyunyu. Nilitaka nipite. Nikaamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuka, kisha akasema, "Weye si mtoto wa Mchungaji? Mbona umesimama kama nguzo za baba yako? Njoo unishikie hili."

Nikamshikia. Sikujua la kufanya. Unaushika mche wima, yeye anasukumia udongo, anaukanyaga kwa kisigino. Tulifanya hivyo mpaka mwisho wa mstari. Mikono yake ina harufu ya mdalasini. Tulipomaliza akatazama sare yangu ilivyochafuka, akasema nikifika nyumbani niseme nilianguka. Sikuhitaji kusema. Mama alidhani nimeanguka.

Kwa hiyo nimepanda migomba kwenye kanisa la baba yangu. Nimeandika nione likoje kwenye karatasi. Bado silielewi.

Jumapili, 30 Machi

Baba amehubiri juu ya mateso. Kwamba wanatutesa kama walivyomtesa Bwana, na tufurahi. Mzee Dominiko hakuja.

Nimechoka na hiyo "zaidi ya haya". Nimeamua kusoma Injili mwenyewe, kama mtu anayehakiki mzigo, nione alipata nini hasa.

Jumatano, 2 Aprili

Sikukuu ya Idi imepita na shule tumefunga. Mvua haijakata tangu juzi, tupo ndani wote wanne. Nasoma.

Alichoka. Alilala kwenye mashua wenzake wakipiga kelele. Alisikia kiu na njaa. Kwao Nazareti walitaka kumsukuma kilimani. Mama yake na ndugu zake walikwenda kumchukua, watu wakisema amerukwa na akili, wakasimama nje wakaita. Baba huhubiri kwamba hao hawakuwa na imani. Mimi nimewaelewa kuliko mitume wote. Nimesimama nao hapo nje tangu mwezi wa nane.

Lakini kiwanja sikukiona. Nimetafuta. Mashua ya mtu, punda wa mtu, chumba cha ghorofani cha mtu, na alipokufa kaburi la mtu. Tena kuna wanawake waliokuwa wakimhudumia kwa mali zao, wameandikwa kwa majina. Baba hajawahi kuwahubiri.

Na kuna kijiji cha Wasamaria kilichomnyima mahali pa kulala. Wanafunzi wakataka moto ushuke uwateketeze. Akawakaripia, wakaenda kijiji kingine. Hapo nikakwama. Bibi Martina ndiye kile kijiji? Au sisi ndio wale wa moto? Kila nikijiweka mahali nasikia hapanitoshi.

Jumamosi, 5 Aprili

Barabara imekatika kabisa. Sukari hakuna.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tulikuwa na kikao nyumbani kwa mjomba wa ukoo wao, Mzee Ignas, ambaye ni kaka yake Bibi Martina. Mama bado hana nguvu, kwa hiyo nilimsindikiza Baba mimi. Nilikaa karibu na mlango nikaangalia miguu ya watu.

Wanaume walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, lakini nikagundua wanaume wakitaka kusema kitu hutazama mikeka kwanza. Mzee Dominiko alikaa mwisho kabisa, kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Baba aliongea vizuri. Alieleza wito, alieleza watoto wa kijiji watakavyofundishwa kusoma, akasema kiwanja alipewa mbele ya mwenyekiti na mashahidi wapo. Mzee Ignas alimwacha amalize. Kisha akauliza kwa upole tu, "Mchungaji, kwenu nani anatoa ardhi?"

"Baba."

"Huku baba ni mgeni kama wewe."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Hata Baba akatabasamu kidogo. Aliyeharibu ni Mzee Dominiko. Alisimama akasema amelima kiwanja kile ujana wake wote, kila jiwe aliliokota yeye. Bibi Martina, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tufike, akamjibu pale pale alipoketi, "Na mimi nimekupakulia miaka yote hiyo, mume wangu. Ndiyo sasa ugawe na sahani?"

Hapo hawakucheka sana. Mzee alikaa tena kwenye ndoo yake.

Baba alisimama akasema kama hawataki, kuna baraza la ardhi la kata. Alisema kwa heshima lakini alisema. Mzee Ignas akajibu kwamba njia ya kwenda kata anaijua, ni ile ile inayokwenda misheni. Kikao kikaisha. Tukashuka. Nilitaka kumwambia Baba kwamba wakati anaongea alimtazama mwenyekiti, akamtazama Mzee Ignas, akatutazama hata sisi wa mlangoni, lakini Bibi Martina hakumtazama hata mara moja. Ikageuka "pole, Baba".

Jumatatu, 14 Aprili

Mkurugenzi kapiga simu. Kasema tusilegee, mashahidi tunao, kanisa lina mwanasheria, atakuja barabara ikifunguka. Akasema pia ripoti ya robo mwaka ya wafadhili ipelekwe wiki hii.

Jumatano, 16 Aprili

Ripoti za wafadhili huwa naandika mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Baba ananiambia kwa Kiswahili, mimi nageuza kwenye simu yake.

Leo alikaa kwenye kiti chake, mvua inapiga bati, akaanza kusema. Kanisa linateswa. Adui ameinuka. Tunahitaji maombi. Niliandika haraka, kwa Kiingereza maneno hayo yanakuja yenyewe, yamenyooka kama yamepigwa pasi. Nikafika sehemu ya fomu inayouliza mateso hayo yanatoka kwa nani, serikali au dini nyingine au kundi gani. Nikasimama. Nilimwona Bibi Martina amepiga magoti, kisigino chake kinashindilia udongo.

Sikupanga kusema. Niliuliza tu ili nijaze.

"Baba, hapa wanataka jina la anayetutesa. Niandike nani?"

Mama alikuwa jikoni, nikasikia mwiko umesimama kwenye sufuria.

Nilingoja. Baba alitazama nje upande ule wa kanisa kwa muda mrefu sana, mpaka simu ikazima taa. Mwisho akasema niache, nisitume. Akachukua mwavuli, akauweka tena chini, akaingia chumbani.

Sijui kama nimemkosea. Mama alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma kabla ya chakula, jambo ambalo hafanyi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Baada ya ibada Baba aliniambia nivae viatu, tunakwenda kwa Bibi Martina. Njiani alikuwa mbele, anaongea bila kugeuka, kama anaiambia ile njia. Alisema kisa cha mwanamke Msamaria kisimani amekihubiri tangu ujana, na siku zote anaanzia pale Bwana anapotoa maji ya uzima. Usiku wote huu amekuwa akifikiri kwamba Bwana hakuanzia hapo. Alianza kwa kumwomba yule mama maji. "Mimi tangu nifike hapa nimetoa tu, Editha. Sijamwomba mtu kitu."

Nikakumbuka futari ya Mzee Ramadhani.

Bibi Martina alikuwa barazani anamenya tangawizi. Baba akaamkia, na mimi nikaamkia. Hakutukaribisha kiti. Baba akavua kofia akasema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilijenga kwako bila kukuomba."

Aliendelea kumenya. Akauliza, "Na miche yangu?"

"Niliing'oa mimi."

"Najua ni weye. Mtu mwingine angeikata. Weye uliipanga." Akamenya nyingine. "Mimi kanisa silikatai. Mama yangu kabatizwa misheni, na mimi, na wanangu. Ningelikataa ningeng'oa nguzo zako. Nimepanda tu kilicho changu. Radhi nimeipokea. Nguzo ziondoe."

Basi, ndiyo hiyo. Nilidhani mtu akinyenyekea, mlango unafunguka, ndivyo ushuhuda unavyokwendaga kanisani. Baba alisema asante, akavaa kofia, tukarudi. Kwenye kona aliteleza akakaa chini kwenye tope, suruali ya ibada, akabaki ameketi hapo. Nilimshika mkono kumwinua, ukawa mzito. Uso wake sikuufahamu. Ulikuwa kama wa Erick akiwa amechoka.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Bwana amefufuka. Mvua. Baba amehubiri kwa kifupi.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumebomoa. Mzee Dominiko alikuja na panga, akafungua kamba za fito moja moja ili zifae tena. Hakuna aliyekuwa ameongea naye tangu kikao. Baba alimwamkia shikamoo Baba, kama zamani. Mzee akaegemea nguzo.

Migomba yote imeshika. Majani mapya yanatoka yamejikunja kama mwavuli.

Jumatano, 30 Aprili

Mkurugenzi ameambiwa. Hakugomba, jambo lililomwumiza Baba zaidi. Kasema kituo kitafungwa mwisho wa Mei, posho inaishia hapo, tujiandae.

Nimepata nilichokitaka. Nimekaa kitandani karibu na mabati, nangoja kufurahi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imepungua. Mama ameanza kupanga vyombo kwenye maboksi.

Alhamisi, 8 Mei

Bibi Martina amekuja kwetu. Hajawahi. Alisimama mlangoni na fimbo, Mama akahangaika kutafuta kiti kisichokuwa na vyombo. Alikataa kukaa. Akamwuliza Baba kama ni kweli tunaondoka. Baba akasema ndiyo.

"Ulikuja kuomba, nikakujibu moja. Ndiyo ukaacha?"

Baba akasema alidhani jibu lilikuwa ni hapana.

"Ulikuja kuomba radhi, nikakupa. Ardhi hukuomba. Na ungeiomba nisingekupa, maana ulikuja na mtoto. Ardhi mtu anakuja kuiomba na mtoto?" Akamgeukia Mama, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni. "Mkeo huyu hapa. Tangu mfike hajanijia hata kuomba moto. Huku tunaongea mama kwa mama. Nilidhani ana dharau, kumbe mmemfungia kwenye magonjwa."

Akaondoka. Alikataa hata chai.

Baba alimtazama Mama. Nilijua anataka kumwomba Mama aende, na Mama alijua. Lakini hakusema. Nitamkumbuka kwa hilo. Alichukua kamba akaendelea kufunga boksi.

Ijumaa, 9 Mei

Mama ameosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi, 10 Mei

Mama ameniita tuchambue mboga. Kaniuliza ghafla mimi nataka nini. Hakuna mtu amewahi kuniuliza hilo tangu tuondoke Kihonda. Nilikuwa na jibu la miezi tisa limekaa tayari, na lilipofika mdomoni halikuwa lile. Nilimwambia nataka kurudi, na sitaki Baba arudi hivi, na sijui kama mtu anaweza kutaka vyote viwili. Nikalia kwenye mchicha.

Mama akasema na yeye hajui. Akasema kitu kimoja anachokijua ni kwamba huku amekuwa mke wa Mchungaji, na hakuna mtu aliyemwuliza Yustina, jina lake mwenyewe, kama anajua kulima. "Nimezaliwa shambani mimi. Nimekaa miezi yote hii nangoja posho kama mgonjwa."

Jumatatu, 12 Mei

Mama amevaa khanga mpya, amechukua Erick mgongoni ingawa ni mkubwa, amekwenda kwa Bibi Martina. Baba alijitia kurekebisha mlango usio na shida. Walikaa huko mpaka jua likashuka nyuma ya mlima.

Aliporudi Baba alimwuliza kama wamekubali kiwanja. Mama akasema kiwanja cha kanisa hakukiomba. Ameomba sehemu ya kulima maharage, msimu mmoja. Wamempa, chini kidogo ya ile migomba. Tukivuna tunapeleka kuku na kikapu cha maharage kwa ukoo, ili kila mtu akumbuke mwenye ardhi ni nani, na tukitaka msimu mwingine tunaomba upya. Ndivyo wageni wote wanavyolima huku. Mzee Dominiko pia alianza hivyo.

Baba akauliza, na ibada? Alivyouliza hakuonekana kama Mchungaji. Aliuliza kama mtu anayeomba chakula kilichobaki.

Mama akasema Bibi Martina kasema barazani kwake Jumapili jioni hapana mtu, na mumewe hukaa hapo peke yake akiimba nyimbo zetu vibaya. Tukaimbe naye, labda atazijua.

Baba akacheka. Kisha akafunika uso kwa kiganja. Mama akamwacha, akaenda kuwasha jiko.

Jumapili, 18 Mei

Baba amemwandikia Mkurugenzi kwamba hatutashuka mwisho wa mwezi. Tutakaa mpaka tuvune. Kuanzia Juni si mmisionari wa mtu, hana posho, hana kituo. Nilimwuliza, na safari hii nilifaulu kuuliza, kama amekosea kuitwa. Akafikiri. Akasema hajui. Akasema alikuwa anapima shida zetu kwa shida za Yesu ili aone kama zimefika, na amechoka kupima. Sasa anatazama tu Yesu aliwezaje kuwa mgeni kwa watu bila kuwachukia. Hakusema "zaidi ya haya". Sikujua kama nifarijike au nisikitike, maana nilishaizoea.

Jumamosi, 24 Mei

Tumepanda maharage. Udongo mweusi, laini, na jua dogo lilitoka. Baba na Mzee Dominiko walichimba mistari, Mama akawakosoa wote wawili. Mimi nilipangwa na Bibi Martina. Anatupa punje kwenye shimo bila kuinama sana, mimi nafukia kwa mguu. Kila nikifukia ovyo ananigonga kisigino na fimbo.

Katikati ya shamba akaniuliza, "Mkivuna mtaondoka?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nilitafuta kwa Kiswahili, nikatafuta na kwa Kiingereza.

"Sijui, Bibi."

Akatupa punje kwenye shimo linalofuata. "Basi panda vizuri. Atakayekula ni mtu tu."